Mtoto Mmoja, Baba Saba

Dengfeng, Guangzhou
Jumanne mchana

Mama mpendwa,

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya baba saba ambao kwa sababu zilizo nje ya uwezo wao hawakuweza kufika, ninayo furaha kuutangazia ukoo wote wa Makambako, na jamaa wote wa kule mlimani, kwamba leo saa sita na robo mjukuu wako na wajina wako Tusekile, mtoto wa marehemu Obedi, amekula ugali. Vijiko viwili. Kimoja kimebaki tumboni. Cha pili kipo kwenye blauzi yangu, ile uliyoniambia nisisafiri nayo.

Shikamoo Mama. Miguu inaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa mke wa Eliya akuletee, ilifika kwako au iliishia kwenye magoti ya Eliya? Mahindi mmeshapukuchua? Na yule ng'ombe mwenye pembe moja, bado anaruka ua wa jirani, au jirani amekwisha kubali kwamba ua ni wa wote? Mimi ni mzima. Hasira nazo ni nzima, tena zinakula na kulala vizuri kuliko mimi.

Barua hii anakuja nayo dada mmoja wa Mbeya, muuza viatu, anaruka kesho kutwa, atashuka Makambako akuletee mwenyewe mkononi. Kaka Yona akisema lete nikusomee, mwambie miwani yako unayo. Simu ningepiga, lakini mambo haya kwa simu yananitoa machozi kabla sijafika katikati, na mtu akilia kwenye simu Yona hudhani ameshinda.

Mama, nilipotoka huko nilidhani naja kumchukua mtoto kama watu wanavyomchukua mtoto. Unafika, unalia kidogo na wenyeji, unaonyeshwa nguo zake na kikombe chake, unamfunga mgongoni, unaondoka. Wewe mwenyewe ulimchukua Sara wa Shangazi Bupe hivyo hivyo, kwa baiskeli, na hakuna aliyekuuliza muhuri. Njiani ulisimama ukamnunulia mua, na mua ule ndio ulikuwa hati yake ya kusafiria.

Hapa sivyo. Nilifika kwenye chumba alichokuwa amepanga Obedi. Mwenye nyumba ni bibi wa Kichina, mwembamba kama mpini wa jembe, na mtaa mzima unamwita Popo, yaani bibi. Tangu Obedi alipofia hospitalini, miezi mitano sasa, huyu Popo ndiye amemlea Tuse. Mama yake mzazi, yule binti wa Lubumbashi, alikuwa ameshaolewa Dubai, akaandika mistari miwili kwamba mtoto abaki upande wa baba, na hapo alimaliza. Basi nikapiga magoti sakafuni, nikafungua mikono, nikalia kama nilivyopanga kulia tangu kwenye ndege. Mtoto ana miaka mitatu na nusu. Sura ya Obedi, paji la uso lako. Akanitazama kama karani anavyomtazama mtu aliyeleta fomu isiyojazwa. Kisha akamwambia Popo jambo kwa Kichina, na Popo akacheka mpaka akashika meza.

Nilikuwa nimekwenda na Salum, kijana wa Tanga anayesomea uhandisi wa maji hapa kwa ufadhili wa serikali. Ndiye mtafsiri wangu. Ana adabu za pwani, neno baya halitoki kinywani mwake mpaka umlipie nauli.

"Amesema nini?" nikamuuliza.

"Aa, dada Atu, ni maneno ya kitoto tu."

"Salum, nimevuka bahari. Amesema nini?"

"Ameuliza kama wewe ndiye mfuaji mpya."

Kiswahili hana hata neno moja. Obedi, Mungu amrehemu, kutwa alikuwa sokoni, na mtoto hujifunza lugha ya anayemlisha. Kwa hiyo mimi, mtu niliyekuja kumwokoa, ndiye niliyekuwa bubu ndani ya nyumba. Nikitaka kumwogesha, anamtazama Popo kuuliza kama nimeruhusiwa. Nikimvika gauni, Popo anamvika suruali chini yake, na soksi, na sweta, na jua la hapa Mama linachemsha maji. Nikimvua, Popo ananigombeza. Sijui anasema nini, lakini sauti ile naijua. Ndiyo uliyokuwa ukitumia wewe tukitoka bila kandambili.

Siku ya tatu nikachukua kanga nimfunge mgongoni. Nikajua hapo sasa kuna vita, bibi atasema namnyonga mtoto. Popo akasimama, akaingia ndani, nikasikia makasha yanafunguliwa. Akatoka na kitambaa cha mbeleko, cha zamani, chekundu, kimedariziwa maua, kamba nne ndefu za kufungia. Ndicho alichowabebea wanawe. Akanifunga nacho mwenyewe, akakaza, akampiga Tuse matakoni mara mbili kuona kama ameshika. Kanga yangu akaikunja akaiweka juu ya mto wake wa kitandani, akailalia mchana ule. Tangu siku hiyo tunaelewana, ingawa sweta hajaachia.

Sasa kazi nayo haingoji. Mzigo wangu wa kwanza uko Huangpu bandarini, wakala anasema wiki hii, wiki ijayo, ndiyo wimbo wao. Nikawa nakwenda na Tuse kwenye maghala ya nguo kule Guangyuan Xilu, kuongezea magauni. Makuli wanamkalisha juu ya marobota kwenye mkokoteni, anapita katikati ya watu kama mkuu wa wilaya. Kila muuzaji anamshika nywele. Mmoja aliniuliza kwa vidole hizo nywele nauzaje.

Dukani mimi nina utaratibu wangu wa miaka sita ya biashara, nimetoka nao nyumbani. Ninashika gauni, ninakunja uso, ninasema, "Laoban, sina pesa," ninageuka kama ninaondoka. Laoban ndiye bosi wa duka; sharti ukifika mlangoni akuite. Wiki iliyopita nimefanya vyote, nimekunja uso, nimegeuka, na Tuse mgongoni akasema kitu kwa sauti nzuri tu, ya kusaidia. Duka zima likaangua kicheko. Laoban hakuniita. Alikuwa anajigonga kifuani anacheka, anajigonga kifuani anacheka. Nikaelewa. Mtoto amewaambia pesa zipo na mahali zilipo. Amelelewa vizuri, hasemi uongo. Nimemfunika kichwa na mbeleko tukaondoka bila magauni.

Haya ni ya kucheka Mama, cheka. Yanayofuata si ya kucheka.

Tangu mwaka ule wa Olimpiki serikali ya hapa imekaza visa, na mwaka huu imekaza zaidi. Zamani visa ikiisha mtu alivuka Hong Kong akarudi na nyingine. Sasa wanakupa siku zako, zikiisha uende kwenu. Zangu zimebaki tisa, na wameshaniambia hawaongezi hata saa moja. Hati ya kusafiria ya Tuse ninayo, ubalozi wetu umetoa. Kilichobaki ni kibali cha kutoka nchini, na hicho kinatolewa na polisi wa wageni, maana mtoto alizaliwa hapa na tangu baba yake afe hayumo kwenye visa ya mtu yeyote. Nikiondoka bila yeye, hakuna wa kumwombea kibali. Popo mbele ya sheria ni mwenye nyumba tu. Nikibaki naye siku ya kumi, nakamatwa mimi, na yeye anapelekwa kwenye nyumba ya watoto ya serikali mpaka ijulikane ni wa nani.

Ndiyo maana nikampigia Kaka Yona. Nilimwambia hivi, na Mungu ni shahidi: "Kaka, shikamoo. Polisi wanataka barua ya ukoo. Mistari mitatu. Obedi amefariki, mtoto ni huyu, mlezi ni Atupele. Muhuri wa mtaa. Basi."

Akasema, "Marahaba mdogo wangu. Jambo la ukoo halifanywi kwa simu. Tutakaa."

Nilipaswa kujua. Yona alistaafu ualimu, lakini uenyekiti haujamstaafu. Mtu yule akiona watu wanne wamekaa kivulini anatafuta daftari la mahudhurio. Wamekaa. Wamekaa kwako, sebuleni kwako, kwenye viti vyako. Muhtasari umenifikia wiki mbili baadaye kwa mkono wa mfanyabiashara wa Iringa. Kurasa nne. Kila ukurasa muhuri. Nimeusoma mimi wa darasa la saba, niliyejifunza mengine yote kwenye magazeti ya kufungia vitumbua, na nimeuelewa vizuri kuliko walioandika.

Ajenda ya kwanza, kufungua kikao kwa sala. Ya pili, kutambua watoto wa marehemu. Yupo mmoja, wamemtambua kwa nusu ukurasa. Ya tatu, baba wa mtoto. Hapo wamejiorodhesha: Yona, Eliya na Ezekia uliowazaa wewe, na wale wanne wa Baba Mkubwa. Kila mmoja jina, sahihi, na mbele yake cheo: Baba. Ya nne, malezi. Mtoto atakaa kwa zamu, miezi miwili kwa kila baba, "ili haki itendeke kwa wote". Ya tano, shukrani kwa Mama kwa kuku wawili. Ya sita, Mengineyo. Nakunukulia: "Shangazi Atupele, kwa kuwa yuko China kwa shughuli zake, atamleta mtoto."

Mimi nimekuja baada ya kuku.

Mama, sibishani na mila. Najua kwetu mtu akifa ndugu zake wote wa kiume ni baba wa mtoto wake, na mtoto haitwi yatima huku baba wamejaa nyumba. Ni jambo jema, nimekula chakula chake. Baba alipofariki, Baba Mkubwa alininunulia daftari na sketi mpaka la saba, na sikuwahi kusikia akisema ni zamu ya nani. Yule alikuwa baba. Hawa ni wasaini. Katika saba hao, ni nani amewahi kuuliza Tuse anavaa kiatu namba ngapi? Ezekia alinipigia mara moja, nikafurahi, kumbe anataka nimwangalizie bei ya jenereta.

Na hiyo zamu. Miezi miwili mara saba ni kumi na nne. Mwaka una kumi na miwili. Aliyeandika alifundisha hesabu miaka thelathini! Mtoto atakuwa anahama kama sufuria kubwa la kanisa, leo kwa huyu kwenye harusi, kesho kwa yule kwenye msiba, kila linaporudi limebonyea mahali papya na hakuna anayejua nani amelibonyeza. Lugha atajifunza ya nani? Popo wake atakuwa nani? Amekwisha fiwa na baba, ameachwa na mama, sasa namtoa kwa bibi aliyemlalisha kifuani miezi mitano, na baada yangu mmempangia nyumba saba.

Yona aliniambia kwenye simu, kwa sauti ile ya kunihurumia, "Atupele, wewe huna mume wala nyumba ya kulelea mtoto." Nyumba sina? Vyumba vitatu, bati jipya, sakafu ya saruji, choo cha ndani. Na chumba cha pili kimejaa magunia ya mahindi ya nani? Mwambie aje ayatoe. Hapo atakapoyatoa ndipo atakapoona nyumba.

Mume ni kweli sina. Sikumpata wa kunifaa na waliofaa hawakunipata. Mtoto pia sina, unajua, nimeacha kuombewa mwenyewe. Lakini mtoto huyu asubuhi anaamka, ananiangalia kwanza mimi kabla ya Popo. Imeanza juzi. Sijamwambia mtu.

Tuendelee. Alhamisi nilikuwa natoka kununua maziwa, Tuse mgongoni. Ghafla mtaa mzima ukakimbia. Dengfeng yote, wauza simu, wabadilisha dola, akina mama wa Kikongo na mabeseni. Mtu mmoja alipita na shuka la kinyozi shingoni, kichwa nusu kimenyolewa, nusu bado. Polisi walikuwa wameziba mtaa huku na huku, wanakagua pasi. Nami nikakimbia. Usiniulize kwa nini; pasi yangu ina visa hai, ningeweza kusimama nikanywa soda. Lakini watu wote wakikimbia mwenye akili hukimbia kwanza. Nikapanda ngazi za duka la simu mbio, na kule juu nikakutana na askari amesimama, ametulia, ndiyo kazi yake, kungoja wanaopanda.

Akachukua pasi. Akanitazama. Akamtazama mtoto. Hati ya mtoto nilikuwa nimeiacha chumbani, ndiyo akili yangu. Mwanamke mweusi anakimbia na mtoto asiye na karatasi. Hata ningekuwa mimi ningejikamata.

Ndipo Tuse akachungulia begani akamwamkia, "Shushu!" Neno hilo kwa Kichina ni mdogo wake baba, baba mdogo kabisa. Watoto wa hapa wanafundishwa kumwita hivyo kila mwanamume, askari akiwamo. Nikasema moyoni, haya, wa nane huyo.

Yule askari akalainika. Akainama, akamuuliza jambo huku ananionyeshea kidole, na nikajua anauliza, huyu ni nani yako? Tuse akafikiri. Akajibu. Askari akacheka kwa pua, akanirudishia pasi, akanipungia mkono nishuke. Salum hakuwapo. Kwa hiyo mpaka leo sijui mimi ni nani.

Lakini chini pale hapakuwa na kicheko. Watu kumi na zaidi walikuwa wamechuchumaa ukutani, mikono kichwani, kama wezi wa kuku, wakati wengine karatasi zao ziko vyumbani na wanaomba tu kusindikizwa wakazilete. Mama mmoja wa Kenya alikuwa anasema, "Niko na visa, iko hapo juu tu, gorofa ya nne, si mnipeleke?" Anasema kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, tena polepole, hakuna anayemsikiliza. Amepakiwa garini na mfuko wake wa nyanya. Wenyeji hawa hawa ndio wanaotuuzia nguo asubuhi, tunashikana mikono, rafiki rafiki. Saa sita wanatuchuchumisha. Tuse akanipapasa shingo.

Basi jana Jumatatu ndiyo ilikuwa siku yetu ya kibali. Salum alikuwa ameshatafsiri muhtasari wote kwa Kichina, kurasa nne zikawa tano. Tukapanga foleni tangu alfajiri. Popo akatufungia mayai ya kuchemsha, akamvika Tuse sweta mbili kwa heshima ya serikali. Saa tano na nusu tukaitwa dirishani. Afisa wa makamo, miwani, mkono mmoja kwenye kikombe cha chai. Akafungua faili. Akasoma. Akarudi nyuma ukurasa, akasoma tena. Akamwita mwenzake. Wakasoma wawili. Wakamwita wa tatu.

"Anauliza," Salum akaniambia, "mtoto huyu ana baba wangapi?"

"Mwambie mmoja. Amefariki."

"Nimemwambia. Anasema karatasi inasema saba, na wote wazima, maana wamesaini."

"Mwambie hao ni ndugu wa marehemu. Ndiyo mila."

Wakaongea muda mrefu. Salum akawa anahesabu kwa vidole, nikaona hali ni mbaya.

"Anasema amekuelewa. Ila anasema wao hapa wanahangaika kila familia iwe na mtoto mmoja, na hawajamaliza. Hakujua kuna nchi yenye tatizo la baba kuzidi."

Wenzake wakacheka. Mimi nikacheka pia, Mama, ndivyo ulivyonilea, mwenye dirisha akicheka unacheka. Lakini nilimgeukia Salum: "Na wewe, si ungeruka hapo penye majina?"

"Dada Atu, kuna muhuri. Mimi niruke muhuri?"

"Na kuku?"

Akaanza kufunga kifungo cha shati lake.

"Salum. Kuku umewatafsiri?"

"Wamo," akasema. "Wawili."

Afisa akafunga faili, akaigonga gonga kwa kidole, akasema neno fupi, akaisukuma kwetu chini ya kioo.

"Anasema haikubaliki hivi. Tubadilishe, kisha turudi."

Salum akataka kuuliza zaidi, lakini ilishafika saa yao ya kwenda kula na kulala, na pazia likashushwa puani mwake. Akabaki anagonga kioo kwa adabu. Nikamvuta. Cha kuuliza ni nini? Mwenye macho ameona. Saba ni saba.

Nimerudi nimelala chali sakafuni kwa Popo, nikamweleza Yona kila nilichofikiri juu yake, kwa Kikinga, maana Kiswahili hakitoshi. Tuse akakaa pembeni anasikiliza. Sasa anajua neno moja la Kikinga, na si la kusemea kanisani.

Kwa hiyo Mama, sasa nakuomba, na siombi kama Mengineyo. Katika saba hao watatu walitoka tumboni mwako, na wanne walikula jikoni mwako mpaka wakaota ndevu. Waite. Usiwape kuku. Wape chai kavu, wakae, waandike karatasi moja, majina yao yasiwemo hata kwa bahati mbaya: Obedi amefariki, ameacha Tusekile, na mlezi wake, wa kuishi naye, kumsomesha na kumwuguza, ni Atupele. Saini uweke wewe, bibi yake. Muhuri. Waende kwenye duka la intaneti pale stendi waitume leo hiyo hiyo kwa anwani ya Salum, nimeiandika nyuma ya bahasha. Siku zangu ni tisa. Ukiipata barua hii zitakuwa zimebaki tano.

Yona atasema kikao hakiwezi kutengua kikao bila notisi ya siku kumi na nne. Muulize hizo kumi na nne ni za mwaka gani, wa kwake au wa watu wengine.

Wakisema mwanamke peke yake hawezi, waambie wewe ulikuwa wangapi Baba alipofariki. Mimi sikumbuki kuona baba saba wakipalilia lile shamba la juu. Nakumbuka mtu mmoja, ana gauni la njano, na mimi nimebeba kidumu cha maji nyuma yake.

Na wakisema wanamtaka kweli, kwa mapenzi, siyo kwa haki, basi milango ya nyumba yangu iko wazi, waje Jumapili na mikate. Baba wa Jumapili wanaweza kuwa saba hata sabini. Ila Jumapili jioni wanaondoka, mtoto anabaki.

Nikiwa naandika haya Popo yuko mbele yangu anapanga nguo za Tuse kwenye begi. Anazitoa, anazipanga upya. Hajaniuliza tunaondoka lini, na mimi sijajua namna ya kumwambia. Jana alimfundisha Salum jinsi mtoto anavyopenda kukwanguliwa mgongo ili asinzie, kutoka bega la kushoto kushuka, Salum anitafsirie. Nimeonyeshwa mara nne. Mara ya nne aliushika mkono wangu akauongoza mwenyewe.

Nisalimie Shangazi Bupe, mwambie habari za baiskeli na mua nazisimulia huku na hakuna anayeamini. Msalimie Sara na wanawe. Mzee wa kanisa wa mtaa wetu, mwambie maombi aliyoniahidi nayangojea, na kama bado hajaanza aanze. Fundi cherehani wa pale sokoni mwambie vitambaa vyake viko kwenye kontena, na kontena liko mikononi mwa Mungu na wakala. Eliya na Ezekia wasalimie kwa kiasi. Kaka Yona mpe shikamoo yake, kwa sababu ni mkubwa wangu na ni haki yake; zaidi ya hiyo asitegemee. Na yule jirani wa ng'ombe, mwambie aimarishe ua.

Wewe jichue miguu, kula, na usibebe maji mwenyewe.

Mwanao anayekupenda, mwenye blauzi chafu,
Atupele

Mama, ni Jumatano, nimeifungua tena bahasha, ndiyo maana imebandikwa kwa plasta. Niliyosema juu ya kina kaka naomba yabaki kama yalivyo, na karatasi ile bado naitaka, hata kama ni ya kuonyeshana Makambako. Salum alipita ofisini leo asubuhi kuwauliza baba wanaoruhusiwa ni wangapi. Wamemwambia muhtasari wanaukubali, hauna tatizo. Kilichokataliwa ni picha za pasipoti za Tuse. Tumepiga kwenye kitambaa cha bluu, kama kwetu. Wao wanataka cheupe.